Mchango wa Muvi

Kenya hii, mtu akifa, grupu la WhatsApp hufunguliwa kabla jeneza halijachaguliwa. Ndani ya saa moja kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna nambari ya kutuma pesa, na kila jioni mtu anabandika orodha: jina, kiasi, jina, kiasi. Kuchanga tunakujua. Neno harambee limeandikwa kwenye nembo ya taifa, chini ya wale simba wawili. Tunachangia mazishi, bili ya hospitali, harusi, ruracio, karo, mabati ya kanisa. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho uliongezwa kwenye grupu la kuchangia watu wakale vizuri na wacheke?

Mimi niko kwenye moja. Linaitwa Msosi na Muvi, lina watu watano, na mimi ndiye mweka hazina.

Kanuni ni rahisi. Kila mwezi kila mtu anatuma soo tano. Kila baada ya miezi mitatu tunatoka usiku mmoja: kwanza tunakula, halafu tunaingia sinema. Siku hiyo hakuna anayetoa pesa mfukoni. Kama umewahi kukaa meza moja na watu wanane, ukaagiza chai na samosa moja huku mwenzako akila mbavu za mbuzi, halafu mtu akasema kwa sauti ya ukarimu, "Tugawanye tu sawa," basi unajua tunakimbia nini. Moyo unadunda, unafungua M-Pesa chini ya meza kuangalia salio ambalo tayari unalijua. Unacheka mzaha wa mtu, lakini hukuusikia.

Kwetu bili ikija hakuna anayeinamisha kichwa. Imeshalipwa kidogo kidogo, tangu wiki kumi na mbili zilizopita.

Ukiwa mweka hazina unajua watu kwa namna ambayo hata mama zao hawawajui. Sista, ambaye ni nesi wa kontrakti, hutuma siku anayolipwa, na kaunti ikichelewesha mshahara mimi ndiye wa kwanza kujua. Fundi anafunga sola kwenye paa za watu huko Kitengela na Ngong. Yeye hutuma mara mbili, mia mbili halafu mia tatu, kwa sababu wateja wake nao humlipa vipande vipande. Wakili ana digrii ya sheria na anauza bima. Hutuma saa tano na dakika hamsini na kitu usiku wa tarehe ya mwisho, kama mtu anayewasilisha hati mahakamani. Na Mrefu, ambaye alikuwa anajibu simu za wateja kwenye kampuni moja hapa town, alikuwa anatuma mapema kuliko wote, tarehe moja asubuhi, na ujumbe juu: "Hazina, nimeua hiyo."

Tangu Januari 2025 Mrefu hakuwa ametuma kitu.

Lakini ngoja nikueleze kwanza hili grupu lilitoka wapi, maana halikuanza kama grupu la muvi. Lilianza kama mchango wangu.

Mimi sikumaliza chuo. Nilifika mwaka wa tatu, muhula wa pili, nikiwa na deni la karo la shilingi 87,000. Kazi ya baba ilikuwa imeisha mwaka uliotangulia, na mkopo wa serikali ulikuwa unaishia kwa kodi na unga. Chuo kilikuwa na sheria moja tu: bila kumaliza deni, hufanyi mtihani. Hawa wanne, ambao tulikuwa tunaishi nao hosteli moja nje ya chuo, wakafungua grupu. Wakaongeza darasa zima. Wiki mbili tulichanga, na nasema tulichanga kwa sababu hata mimi nilituma mia mbili, nikiona aibu ya jina langu kukosa kwenye orodha ya kunisaidia.

Tulifikisha 21,600. Tarehe ikapita.

Huwezi kununua robo ya mtihani. Niliporudisha pesa, darasa walipokea, na sikuwalaumu, kila mtu alikuwa na karo yake. Hawa wanne walikataa. Jumla yao ilikuwa 6,000. Nikiwatumia, wananirudishia. Siku mbili pesa zinaenda na kurudi kama mpira wa ping pong, tukilipia tu gharama za kutuma. Mwishowe Sista akaandika: "Hazirudi. Tumia kwa kitu."

Ilikuwa Novemba 2022, na Black Panther: Wakanda Forever ilikuwa imetoka. Nikaandika: "Basi twendeni wote."

Tulikula kuku na chips, tukaingia. Ile muvi inaanza na mazishi. Chadwick Boseman alikuwa amefariki Agosti 2020, kwa hivyo kwenye hadithi mfalme naye amekufa, na Wakanda nzima imevaa nyeupe inacheza ngoma nyuma ya jeneza. Nililia vibaya. Ukumbi mzima ulidhani namlilia T'Challa. Fundi, aliyekaa kando yangu, alinipitishia karatasi za kufutia mikono za kule kwa kuku, moja baada ya nyingine, bila kuniangalia. Ile pesa ilishindwa kuninunulia mtihani, ikaninunulia dakika 161 za kulia gizani katikati ya watu wanaonijua. Nimewahi kufikiria kama kuna karo yoyote ningelipa ikanipa kitu kama hicho.

Wiki iliyofuata Wakili akabadilisha jina la grupu, akawatoa watu wa darasa, akaandika kanuni. Ya mwisho aliiandika kwa mzaha, enzi ambayo kila mtu alikuwa analipa: "Asiyechanga miezi mitatu mfululizo, hatoki."

Sasa ilikuwa Aprili 2025 na mzaha ulikuwa umegeuka sheria. Daftari langu lilisema hivi: watu wanne, miezi mitatu, soo tano kila mmoja, 6,000. Baki ya safari iliyopita, 1,900. Jumla 7,900. Muvi tuliyochagua ilikuwa Sinners, na siku ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemtaja Mrefu kwenye grupu. Mimi sikumtaja, kwa sababu mweka hazina akikutaja tu, hata akikusalimia, inasomeka kama deni.

Saa nane mchana Mrefu mwenyewe akaandika: "Nitawapata kwa muvi. Msosi mtangulie, mimi nimekula."

Kila mtu aliyewahi kusota Nairobi anaijua hiyo sentensi. "Nimekula." Nimeisema kwa watu walionialika, nikiwa nimekunywa maji ya mfereji tangu asubuhi. Ina adabu, haimlaumu mtu, na inafunga mlango polepole usisikike. Jiji hili halikufukuzi kwa marafiki zako. Unajitoa mwenyewe, sentensi moja baada ya nyingine. Leo umekula. Kesho uko bize. Mwezi ujao simu yako haina chaji. Baada ya mwaka mtu anauliza, "Kwani msee fulani alienda wapi?" na hakuna anayejua, na wewe uko palepale Zimmerman, nyumba ileile.

Hoteli tuliyokuwa nayo iko orofa ya kwanza, upande wa chini wa town, ngazi zake nyembamba na biriani yake inanukia mpaka barabarani. Tulipata meza ya dirishani. Nilikuwa nainama kuchukua pilipili nilipoangalia chini nikamwona. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara chini ya varanda, nje ya duka la vifuniko vya simu, kwenye shati lake la bluu la intavyuu. Saa kumi na mbili unusu. Muvi ilikuwa ya saa mbili. Alikuwa anatelezesha kidole kwenye simu ambayo hata kutoka juu niliona kioo chake kiko giza.

Nikamwangalia Sista. Naye alikuwa ameshamwona. Sahani zilikuwa zinafika. Hakuna aliyesema kitu, na ule ukimya haukuwa ule wetu mzuri.

Wakili, mwandishi wa kanuni, akafuta mikono. "Naenda choo," akasema. Choo kiko nyuma, kando ya jikoni. Yeye akashuka ngazi.

Tuliwaona kutoka juu bila kuwasikia. Wakili anaongea, mikono inaenda. Mrefu anatikisa kichwa. Wakili anaonyesha dirisha, sisi watatu tunarudisha nyuso ndani kama watoto. Sista akamwita mhudumu, akamwambia kwa haraka, "Dada, leta biriani nyingine moja ya kuku. Sasa hivi, tafadhali, na usiulize."

Walipopanda, Wakili alikuwa bado anaongea. "Nimekwambia, buda, hawa watu wameagiza sahani tano kimakosa. Tano! Mweka hazina hajui kuhesabu. Itatupwa hiyo."

"Mimi nimekula," Mrefu akasema, akiwa amesimama.

"Hakuna mtu amekuuliza kama umekula," Fundi akasema. "Tumekuuliza kama unaweza kuona chakula cha watu kikitupwa."

Sahani ikafika ikitoa moshi. Ilikuwa ya mwisho kufika na ya kwanza kuisha. Sitaki kukuelezea alivyokula, kwa sababu hakuna mtu anayepaswa kuandikwa akila akiwa na njaa. Nitakwambia tu kwamba tuliongea sana, sisi wanne, juu ya mambo yasiyo na maana kabisa, ili apate nafasi.

Bili: biriani tano kwa 450, 2,250. Juisi ya ukwaju tano kwa 120, 600. Nikalipa kwa simu, nikaandika.

Tulipandia matatu Odeon. Kama ulizaliwa baada ya mwaka 2000, Odeon kwako ni steji, kelele, na wauza mahindi. Ilikuwa sinema. Na ukishafahamu hilo, safari ya Thika Road inakuwa kitu kingine. Unapita Globe, ambayo kwetu ni barabara za juu na msongamano, ilikuwa sinema. Unaingia Ngara, ambako Sarakasi Dome wanafunza sarakasi na densi; ilikuwa Sinema ya Shan. Mbele zaidi makanga anapiga bati, "Drive-In shukeni!" na watu wanashuka mahali ambapo wazazi wa watu fulani walikuwa wanaegesha magari usiku kutazama picha kwenye ukuta mkubwa. Hata wa Mombasa Road wana Bellevue yao, nayo ni jina la sinema ya magari. Babu zetu waliita vituo kwa majina ya mahali walikokwenda kufurahi. Sisi tunayatumia kuelekezana njia ya kurudi nyumbani.

Nilimwambia Mrefu haya, tumekaa nyuma kabisa, magoti yake yakiwa karibu na masikio. Akasema, "Manze, siku moja watu watashukia steji inaitwa Imeshindikana." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza acheke usiku huo.

Nauli mia nne kwa watu watano. Tiketi tano kwa 700, 3,500. Bisi mbili kubwa kwa 500, elfu moja, bei ambayo Fundi alisema angepata nayo gunia la mahindi yenyewe kama angejua pa kuuliza.

Sinners ni ya Ryan Coogler, yuleyule aliyetengeneza Wakanda. Ni Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, wote wanaigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kwao kutoka Chicago na pesa za kutiliwa shaka. Wananunua kiwanda cha zamani cha kupasua mbao na kukigeuza klabu: muziki, samaki wa kukaanga, pombe, watu weusi waliochuma pamba juma zima wakija kucheza usiku mmoja. Ndiyo, kuna wanyonya damu, na Sista, ambaye hushinda wodini na damu ya kweli, alijificha nyuma ya bisi. Lakini mimi kilichonishika kilikuja mapema, kabla ya meno.

Wenye klabu wanahesabu mauzo, na wanakuta wateja wengi wanalipa kwa pesa za shambani. Ni pesa ambazo mwenye shamba huwapa wafanyakazi wake badala ya dola, na hazinunui kitu popote isipokuwa kwenye duka lake mwenyewe. Klabu imejaa, watu wanacheza mpaka sakafu inatetemeka, na hesabu haifungi. Ufanye nini? Ukiwafukuza wenye pesa za shambani, umewafukuza wale uliowajengea klabu. Ukiwakubali, klabu inakufa.

Niliangalia upande wa Mrefu. Alikuwa ameacha kutafuna.

Ile muvi ni ya dakika 137. Tulipotoka ilikuwa imekaribia saa tano usiku, baridi ya Aprili, lami ina mvua. Tukasimama steji tukingojea matatu za kila mtu, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Hiyo pesa ya shamba," Mrefu akasema. "Hiyo ni mimi."

Akatuambia. Kontrakti yake iliisha Desemba na haikuandikwa upya. Alikuwa ametuma maombi ya kazi mpaka akaacha kuhesabu. Asubuhi ile alikuwa na intavyuu, Jumamosi, ya kuuza simu dukani kwa kamisheni bila mshahara. Ndiyo maana ya shati, ndiyo maana ya kufika town mapema. Kurudi nyumbani halafu kuja tena ilikuwa nauli mara mbili. Na usiku wa Ijumaa alikuwa amefungua grupu, akashuka mpaka chini kabisa, pale penye maandishi mekundu ya kujitoa, akakaa hapo na kidole.

"Nini ilikuzuia?" nikamuuliza.

"Ile kitu inamwandikia admin kwamba fulani ametoka. Nikaona mtaanza kunipigia."

"Ungetoka ningekurudisha," Wakili akasema. "Mimi ni admin."

"Ningetoka tena."

"Ningekurudisha tena. Niko na bando mpaka Jumatatu."

Wakili akatoa simu palepale, akafungua kanuni zake. Tukasoma juu ya bega lake. Akafuta "hatoki" akaandika: "Asiyechanga miezi mitatu mfululizo, lazima atoke."

"Hiyo inasomeka kama anafukuzwa," Fundi akasema.

Akafikiria, kama wakili. Akafuta. Akaandika: "Asiyechanga miezi mitatu mfululizo, lazima aletwe."

Sista akauliza swali ambalo mweka hazina anapaswa kuuliza, na mimi nilifurahi kwamba halikutoka kinywani mwangu. "Na tukikosa sote?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ni swali la haki. Sista hana uhakika wa kontrakti yake baada ya Juni. Mimi naandika makala ninazolipwa baada ya siku tisini, ama nisilipwe. Hili grupu si ngao. Ikija siku watano wote wako na pesa za shamba, hakuna biriani itakayotokea kwa sababu tunapendana. Wakili alisema tu, "Tutakula chapo madondo kwangu na tuangalie kwa laptop." Fundi akasema laptop yake ina kioo kibaya. Wakili akasema ni upande mmoja tu.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo kwa nini ni rahisi kuchangia jeneza la mtu kuliko sahani yake. Nadhani ni kwa sababu maiti haina aibu. Ukimtumia marehemu elfu moja, hakuangalii machoni. Aliye hai lazima umtafutie uongo wa sahani ya tano, lazima ushuke ngazi, lazima uangalie pembeni anapokula. Ni kazi. Inahitaji watu wengi, na inahitaji mazoezi, na huwezi kuanza kuyafanya siku ya msiba. Natamani kila mtu wa rika letu awe na daftari la namna hii, hata la soo moja kwa mwezi, la kitu ambacho si kifo wala ugonjwa wala karo.

Hesabu ya usiku ule ilifunga hivi: 7,900 kutoa 7,750. Salio, shilingi 150. Niliibandika kwenye grupu Jumapili asubuhi bila orodha ya majina. Siku hizi sibandiki majina.

Mrefu hakupata ile kazi ya simu. Anasaidia binamu yake kuosha mazulia huko Kasarani, na bado anatuma maombi. Tarehe moja Mei, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, simu yangu ililia nikiwa bado kitandani. M-Pesa. Shilingi hamsini, kutoka kwake. Kisha ujumbe: "Hazina, nimeua hiyo."

Nikafungua daftari. Kuna safu ya jina, safu ya mwezi, na safu ya kiasi ambayo nimeipiga mstari kuanzia mwezi huo, haitumiki tena. Nikaandika: Mrefu, Mei, amelipa.